Je, Habari Zinatosha? Somo la Kuhesabu Siku na Muda Katika Kikundi



Tunapokaa na vikundi huku Kimulot na pande zingine za Konoin, mara nyingi tunaona ugomvi wa pesa ukianza na neno dogo tu. Mmoja anasema, "Mimi niliambiwa mwezi mmoja." Mwingine anamjibu, "Hapana, tulisema siku thelathini." Mweka hazina anafungua kitabu, na kitabu hakina la kusema. Kumeandikwa jina na pesa, basi. Hapo hakuna mwizi wala mwongo, lakini watu watarudi nyumbani na uchungu moyoni, na wengine hawatakuja mkutano ujao.

Somo letu la leo ni la kuzuia jambo hilo. Si somo gumu. Mtu aliyefika darasa la nne analiweza, na asiyesoma kabisa analiweza pia, kwa sababu kazi kubwa ndani yake ni kuuliza.

1. Swali linalotangulia hesabu

Shuleni tulizoea mwalimu kutupa hesabu ambayo habari zake zote ziko tayari. Kazi yetu ilikuwa kujumlisha na kutoa. Maisha ya kijijini hayako hivyo. Mara nyingi habari moja inakosekana, na hakuna anayetuambia kwamba inakosekana.

Kuna aina ya hesabu ambayo haiulizi jibu ni ngapi. Inauliza hivi: habari ulizopewa zinatosha kupata jibu, au hazitoshi? Mtihani uitwao GMAT, unaofanywa na watu wa nchi nyingi wanaotaka kusomea usimamizi wa biashara, una maswali ya namna hiyo. Na sisi tunaosimamia pesa za kikundi tunayahitaji vilevile, hata kama pesa zenyewe ziko kwenye kasha la mbao lenye kufuli tatu.

Kanuni yake ni hii: Habari zinatosha zikitoa jibu moja tu. Zikikubali majibu mawili, hazitoshi, hata kama majibu hayo yanapishana kwa siku moja. Kusema "hazitoshi" si aibu. Aibu ni kubahatisha halafu kumtoza mwenzako faini kwa jambo ulilobahatisha.

2. Jina linatupa saa, halitupi mwaka

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Kwetu Wakipsigis, majina mengi ya watoto yanabeba wakati. Kipkoech alizaliwa kukipambazuka. Kibet alizaliwa mchana. Kiprotich alikuja wakati ng'ombe wanarudi nyumbani, na Kiplangat jua likishatua.

Sasa tuulize: kati ya Kipkoech na Kiplangat, mkubwa ni nani?

Mtu mwenye haraka atasema Kipkoech, kwa sababu alfajiri hutangulia jioni. Lakini ngoja kwanza. Walizaliwa siku moja? Hatujaambiwa. Huenda Kiplangat alizaliwa jioni ya mwaka uliotangulia. Majina yametupa saa, hayakutupa tarehe. Habari hazitoshi. Tukiambiwa kwamba walizaliwa siku moja, hapo ndipo zinatosha, na Kipkoech ndiye mkubwa.

Mmeona? Hatukujumlisha chochote. Tumeuliza tu.

3. Mambo manne ya kutafuta

Kila mara mnapohesabu siku au muda, tafuteni mambo haya manne:

(a) Mwanzo. Tunaanza kuhesabu tarehe gani?
(b) Urefu. Ni muda gani, na kwa kipimo gani? Siku, wiki, mwezi au masaa?
(c) Namna ya kuhesabu. Siku ya kwanza yenyewe imo, au haimo?
(d) Saa. Kama jambo linahesabiwa kwa masaa, ni saa ngapi, na ni asubuhi au jioni?

Moja likikosekana, simameni. Mtafuteni anayejua kabla ya kuendelea.

4. Mkopo wa Mama Chebet

Tuchukue mfano. Mwanachama tumwite Mama Chebet. Tarehe 15 Januari amepewa mkopo. Katibu anasema ni wa siku 30. Mweka hazina anasema ni wa mwezi mmoja. Anayechelewa anatozwa faini ya shilingi 50 kwa kila siku. Mama Chebet amelipa tarehe 15 Februari. Je, amechelewa?

Tuhesabu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: siku 30, na tarehe 15 Januari ni siku ya kwanza. Siku ya 30 inakuwa tarehe 13 Februari. Amechelewa siku mbili, faini shilingi 100.

Njia ya pili: siku 30, na kuhesabu kunaanza kesho yake. Januari ina siku 31, kwa hiyo kutoka tarehe 15 hadi 31 ni siku 16. Zimebaki 14. Mwisho ni tarehe 14 Februari. Amechelewa siku moja, faini shilingi 50.

Njia ya tatu: mwezi mmoja, yaani tarehe ileile ya mwezi unaofuata. Mwisho ni tarehe 15 Februari. Hajachelewa hata kidogo.

Mama ni mmoja, mkopo ni mmoja, siku aliyolipa ni moja, na tumepata majibu matatu. Wote watatu wamehesabu sawasawa. Kilichokosekana ni (b) na (c) katika orodha yetu. Kwa hiyo kikundi hakina haki ya kumtoza faini mpaka kijue kilikubaliana nini. Na dawa yake ni rahisi: siku ya kutoa mkopo, msiandike "siku 30" wala "mwezi mmoja". Andikeni tarehe yenyewe ya mwisho, mbele ya anayekopa, mkamsomea, akatia sahihi au kidole.

5. Siku ya kwanza imo au haimo?

Jambo hili linawachanganya watu wengi, kwa sababu tunazo desturi mbili na zote tunazitumia.

Desturi ya kuhesabu siku ya kwanza imo ndani ya lugha yetu. Majina ya Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano yanahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, na Jumamosi yenyewe ndiyo ya kwanza. Imo pia kanisani. Tunasema Bwana alifufuka siku ya tatu: Ijumaa Kuu ni ya kwanza, Jumamosi ya pili, Dominika ya tatu. Ukihesabu usiku uliopita kati ya siku hizo, utapata mbili tu. Pentekoste vilevile ni siku ya 50 kwa kuhesabu Dominika ya Pasaka kuwa ya kwanza. Ndiyo maana huangukia Dominika, wiki saba kamili baada ya Pasaka.

Desturi ya pili ni ya sheria. Sheria ya Kenya ya Tafsiri na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, kifungu cha 57, inasema kwamba muda wa siku unaohesabiwa tangu jambo fulani litokee hauhesabu siku lilipotokea. Na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya taifa, muda unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Hivyo ndivyo unavyohesabiwa muda uliowekwa na sheria zilizoandikwa.

Kikundi chenu kinaweza kuchagua desturi yoyote kwa mambo yake ya ndani. Lakini chagueni moja, iandikeni katika katiba ya kikundi, na msibadilishe kwa sababu mkopaji safari hii ni ndugu ya mwenyekiti.

6. "Nitalipa bonasi ikitoka"

Maneno haya tunayasikia kila mahali penye chai. Mwaka wa hesabu wa viwanda vya KTDA unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30, na bonasi hulipwa baada ya hesabu kufungwa. Lakini siku ya kulipwa si ileile kila mwaka, na kiwango cha kiwanda hiki si cha kile.

Kwa hiyo mtu akisema atalipa "bonasi ikitoka", ametupa tukio, hajatupa tarehe. Hatuwezi kujua amechelewa lini. Msimkatalie, maana huo ndio wakati pesa zinapofika nyumbani. Ila ongezeni maneno machache: "Nitalipa ndani ya siku saba baada ya bonasi kuingia, na isipite tarehe 30 Novemba." Sasa kuna mpaka. Hata bonasi ikichelewa, wote wanajua watakaa lini kuzungumza tena.

7. Ng'ombe aliyepandishwa mara mbili

Ng'ombe hubeba mimba karibu siku 283, yaani miezi tisa na wiki moja hivi. Anaweza kutangulia au kuchelewa kwa siku kadhaa. Asiposhika mimba, hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Na ni vizuri kumkausha, yaani kuacha kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa, ili apumzike na kumjenga ndama.

Tuseme ng'ombe alipandishwa tarehe 10 Machi. Tukihesabu siku 283 mbele, tunafika tarehe 18 Desemba. Siku 60 kabla ya hapo ni tarehe 19 Oktoba. Kwa hiyo akaushwe kuanzia tarehe 19 Oktoba. Katika hesabu hii hatukuhitaji kujua mwaka, kwa sababu Februari haiko katikati. Februari ikiwa katikati, ni lazima tujue kama ina siku 28 au 29.

Lakini tuseme ng'ombe huyu alionekana na joto tena, akapandishwa mara ya pili tarehe 31 Machi. Sasa atazaa lini? Kama alishika mara ya kwanza, ni karibu 18 Desemba. Kama ni ya pili, ni karibu 8 Januari. Hayo ni majibu mawili, yamepishana kwa wiki tatu. Habari hazitoshi, hata kama tarehe zote mbili zimeandikwa vizuri. Anayeweza kutoa habari inayokosekana ni daktari wa mifugo, akimpima mimba mapema. Gharama ya kumwita ni ndogo kuliko hasara ya kumkamua ng'ombe mpaka siku za kuzaa.

8. Saa 12 ni saa ngapi?

Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa dawa ya antibiotiki, maziwa yake hayafai kuuzwa wala kunywewa mpaka muda ulioandikwa kwenye karatasi ya dawa uishe. Kila dawa ina muda wake, kwa hiyo someni karatasi au mwulizeni daktari. Tuseme karatasi hii inasema masaa 72.

Kijana anaandika ukutani kwa chaki: "Sindano, Jumanne, saa 12." Je, tunaweza kuanza kupeleka maziwa lini?

Hatujui. Kwanza, ni sindano ya kwanza au ya mwisho? Muda huhesabiwa tangu dawa ya mwisho. Pili, ni saa 12 asubuhi au jioni? Tatu, je, aliandika saa kwa Kiswahili, au alitazama saa ya simu ambayo inahesabu kwa Kiingereza? Saa 12 ya simu ni saa sita yetu, ya mchana au ya usiku. Kwa hiyo neno "saa 12" pekee linaweza kuwa nyakati nne tofauti.

Angeandika hivi: "Sindano ya MWISHO, Jumanne, saa 12 JIONI." Masaa 72 ni siku tatu kamili. Yanaisha Ijumaa saa 12 jioni. Ukikamua Ijumaa saa 10 alasiri, bado hayajaisha. Maziwa ya kupeleka ni ya Jumamosi asubuhi. Mkebe mmoja wenye dawa ukimwagwa ndani ya tangi, unaharibu maziwa ya majirani wote.

9. Karatasi ya shamba isiyo na tarehe

Hili ni zito kuliko yote. Anayeuza au kununua shamba la kilimo katika eneo lenye bodi ya ardhi anahitaji kibali cha bodi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka ombi la kibali lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanywe, isipokuwa mahakama ikiongeza muda. Makubaliano yasiyopata kibali yanaweza kuhesabiwa kuwa batili.

Sasa jirani wawili wameandikiana. Majina yako, bei iko, mashahidi wametia sahihi, lakini tarehe haipo. Mnunuzi anasema ilikuwa "wakati wa mvua ya kwanza". Muuzaji anasema ilikuwa kabla ya Krismasi. Miezi sita imepita au haijapita? Karatasi haiwezi kujibu. Muda umewekwa na sheria, lakini mwanzo wake hauko. Mtu anaweza kupoteza shamba alilolilipia kwa kukosa tarehe moja juu ya karatasi. Tafadhali, msitie sahihi kwenye karatasi yoyote ya ardhi kabla ya kuona tarehe, mwezi na mwaka.

10. Mazoezi ya kikundi

Gawaneni wawili wawili. Kila zoezi lina swali na habari mbili. Msihesabu kwanza. Chagueni jibu moja:

A – habari ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake haitoshi.
B – ya pili peke yake inatosha, ya kwanza peke yake haitoshi.
C – moja moja haitoshi, lakini zote mbili pamoja zinatosha.
D – yoyote kati yake inatosha peke yake.
E – hata zote mbili pamoja hazitoshi.

Zoezi la 1. Kuku hulalia mayai siku 21 hivi. Vifaranga wataanguliwa karibu tarehe gani?
(1) Kuku analalia mayai 12.
(2) Alianza kulalia tarehe 4 Juni.

Zoezi la 2. Mkutano ujao utakuwa siku gani ya wiki?
(1) Uliopita ulikuwa Jumatano, na ujao ni siku 14 baada yake.
(2) Siku tatu baada ya mkutano ujao itakuwa Jumamosi.

Zoezi la 3. Mwezi fulani una siku ngapi?
(1) Ulianza Jumapili.
(2) Uliisha Jumapili.

Zoezi la 4. Kibarua alipalilia chai kwa shilingi 400 kwa siku. Alipwe siku ngapi?
(1) Alianza tarehe 3 Mei na kumaliza tarehe 20 Mei, na siku zote mbili alifanya kazi.
(2) Hakufanya kazi Jumapili, lakini siku nyingine zote alifanya.

Majibu

La 1 ni B. Idadi ya mayai haibadilishi siku. Tarehe ndiyo inayotakiwa: karibu 25 Juni.

La 2 ni D. Siku 14 ni wiki mbili kamili, kwa hiyo ni Jumatano tena. Na ukirudi siku tatu nyuma kutoka Jumamosi, unafika Jumatano.

La 3 ni C, na wengi hukosea hapa. Mwezi ukianza Jumapili, tarehe 8, 15, 22 na 29 zote ni Jumapili. Ukiisha Jumapili, basi uliisha tarehe 29. Ni Februari ya mwaka mrefu, kama ule wa 2024.

La 4 ni E. Kutoka tarehe 3 hadi 20, zote mbili zikiwemo, ni siku 18. Lakini Jumapili zilikuwa ngapi? Mwaka 2021 tarehe 3 Mei ilikuwa Jumatatu: Jumapili mbili, alipwe siku 16, yaani shilingi 6,400. Mwaka 2025 ilikuwa Jumamosi: Jumapili tatu, alipwe siku 15, yaani shilingi 6,000. Kabla hatujajua mwaka, mtu mmoja angepoteza shilingi 400 bila kuibiwa.

11. Kazi ya mkutano ujao

Leteni kitabu cha mikopo na kalenda ya ukutani. Kila mkopo ambao haujalipwa, someni kwa sauti mbele ya mwenyewe, na muulizane: tunajua mwanzo? Tunajua tarehe ya mwisho? Pale ambapo jibu ni "hapana", kubalianeni tarehe siku hiyohiyo, iandikeni, na msimtoze mtu faini ya siku zilizopita. Kisha pigeni mistari mipya katika kitabu: jina, pesa, tarehe ya kuchukua, tarehe ya mwisho, sahihi.

Na kama hamna kalenda, ngumi ya mkono inatosha kwa miezi. Anzeni na kifundo cha kwanza: Januari. Bonde linalofuata ni Februari, kifundo ni Machi, hivyo hivyo mpaka Julai kwenye kifundo cha mwisho. Agosti rudini kifundo cha kwanza. Mwezi ulioangukia kifundo una siku 31. Ulioangukia bonde una 30, isipokuwa Februari.